Tezo na Haraka ya Sangara

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema kwamba haraka haraka haina baraka. Nyingine inajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha zote mbili katika juma moja. Mwenzetu mmoja alipouliza ipi kati ya hizo ni ya kweli, mwalimu alicheka akasema, "Inategemea una nini mkononi." Sikulielewa jibu lile kwa miaka mingi. Nililielewa baadaye sana, baada ya kumtazama mjomba wangu, fundi wa mitumbwi, akihangaika katikati ya methali hizo mbili kwa muda wa karibu miaka thelathini, tezo ikiwa mkononi mwake.

Karakana ya mjomba ilikuwa Igombe, mwalo wa wavuvi ulio kaskazini ya mji wa Mwanza. Kusema kweli neno karakana ni kubwa mno. Lilikuwa banda la nguzo sita lililoezekwa kwa nyasi, halikuwa na ukuta hata mmoja, na sakafu yake ilikuwa mchanga na vumbi la mbao. Nilianza kwenda pale mwaka 1979, nikiwa mtoto wa miaka minane, kazi yangu ikiwa ni kuzoa machicha ya mbao na kumpelekea shangazi jikoni. Mjomba mwenyewe alikuwa amejifunza ufundi kwa mzee mmoja wa Ukerewe, na mzee yule alijifunza kwa baba yake. Hakuna aliyekuwa na cheti. Cheti kilikuwa mtumbwi uliorudi.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mtumbwi wa mbao wa Ziwa Victoria ni kitu kisichobadilika tangu enzi za mababu. La hasha. Mitumbwi ya zamani katika ziwa hili ilikuwa ya namna mbalimbali. Ilikuwapo iliyochongwa kwa gogo moja, na ilikuwapo ile mikubwa iliyosifika sana huko Buganda na visiwa vya Sese, ambayo mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa. Mafundi walitoboa matundu kando ya kila ubao, wakapitisha nyuzi za mimea, wakakaza, kisha wakaziba. Watu wa Pwani walikuwa na chombo cha kushonwa pia, wakikiita mtepe, nacho kilitoweka mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa sababu zinazofanana: msumari ulikuwa na kasi kuliko uzi.

Historia yenyewe inatuonyesha kwamba tatizo la mahitaji kuzidi vyombo vizuri si la jana. Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alifika Kageye, pwani ya ziwa karibu na Mwanza, akiwa na mashua yake iitwayo Lady Alice. Mashua hiyo ilitengenezwa Uingereza na kubebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Iliweza kulizunguka ziwa zima, lakini haikuweza kuchukua msafara mzima. Ilipompasa kuwavusha watu wake wote kwenda Buganda, Stanley aliomba vyombo kwa Lukonge, mtemi wa Ukerewe, akapewa mitumbwi zaidi ya 20. Mingi ilikuwa mikuukuu. Iliparuzwa, ikazibwa, ikaingizwa majini. Usiku wa safari baadhi yake iliachia, ikazama pamoja na bunduki na nafaka, na watu wakaokolewa gizani kwa taabu kubwa. Tangu nilipoisoma habari hiyo nimekuwa nikiwafikiria mafundi wa Ukerewe wa siku zile. Bila shaka walijua ni mtumbwi upi mzima na upi umechoka. Lakini mgeni alitaka idadi, tena kwa haraka, na idadi akaipata.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, na pamoja nayo zikaja bidhaa nyingi za madukani, misumari ikiwamo. Baba wa mafundi wa leo wakaacha uzi wakashika nyundo. Umbo la mtumbwi wa Sese, lile la mkuku chini na ubavu ulioinuka kama herufi V, likabaki na kuenea mwambao wote wa ziwa, kutoka Kisumu mpaka Bukoba. Kwa hiyo hata mjomba wangu, niliyemwona kuwa mlinzi wa mambo ya kale, alikuwa mrithi wa watu waliokwisha kukubali njia ya mkato mara moja. Alilijua jambo hilo. Nilipomwuliza kama msumari si uvivu, alijibu, "Msumari si uvivu, mpwa wangu. Uvivu ni kupigilia msumari mahali ambapo ubao haujakaa."

Hapana budi nieleze kidogo jinsi mtumbwi unavyoundwa, maana bila kuelewa hilo msomaji hataona shida ilikuwa wapi. Kwanza huandaliwa mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, kutokana na gogo gumu lililochongwa kwa shoka na tezo. Kisha huwekwa mbao mbili za kwanza, moja kila upande, zinazouma mkuku. Hapo ndipo penye kazi yote. Ubao ukikaa vizuri juu ya mkuku, mtumbwi utakuwa mzima. Usipokaa vizuri, hakuna rangi wala lami itakayouponya. Baada ya hapo hufuata mbao nyingine za ubavu, kisha mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoshika mbao zisiachane. Mwishoni fundi huchukua pamba, huisokota, na kuipachika katika kila mwungano kwa patasi butu na nyundo, kazi ambayo watu wa Pwani huiita kukalafati. Juu ya miungano wengine hupigilia vipande vyembamba vya bati.

Sasa, adui wa mtumbwi si maji tu. Adui ni maji na jua kwa zamu. Mtumbwi ukiwa majini mbao huvimba na kubana pamba. Ukivutwa mchangani adhuhuri, mbao hukauka na kunywea. Ikiwa mbao zilikuwa kavu vya kutosha siku zilipopigiliwa, kunywea huko ni kwa kiasi kidogo na pamba hubaki mahali pake. Ikiwa zilikuwa mbichi, zitanywea mara ya kwanza kwa kiasi kikubwa, pamba italegea, na mtumbwi utaanza kulia. Ndiyo maana mjomba alinunua mbao miezi mitano au sita kabla ya kuzitumia, akazipanga kivulini zikitenganishwa na vijiti ili upepo upite. Mtu asiyejua angeona rundo la mbao lililokaa bure. Kumbe ndiyo kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilikuwa katika dhiki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimetugharimu sana, fedha za kigeni hazikuwapo, na madukani hata sabuni ilikuwa ya foleni. Misumari ilikuwa adimu. Kazi yangu ikabadilika: nilikaa juu ya jiwe nikinyoosha misumari iliyong'olewa katika mitumbwi iliyokufa. Mjomba aliunda pengine mitumbwi sita kwa mwaka, na hakuna aliyemharakisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kitu cha kumharakisha nacho. Siku hizo polepole haikuwa busara. Ilikuwa hali ya maisha. Nasema hivi kwa sababu watu wa rika langu tuna tabia ya kuusifu ufundi wa zamani kana kwamba wazee walichagua kwenda taratibu. Wengi wao hawakuchagua.

Kisha akaja sangara. Samaki huyu si mwenyeji wa ziwa letu. Alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwa muda mrefu alionekana mmoja mmoja. Ghafla, katikati ya miaka ya 1980, alijaa katika Ghuba ya Mwanza. Alikula furu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa chakula cha maskini, na aina nyingi zikatoweka kabisa. Wavuvi waliomwona mara ya kwanza walimwogopa. Wengine walisema ana mafuta mno, hafai kukaushwa juani. Lakini muda si mrefu walanguzi walifika, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata minofu vikasimama mjini Mwanza. Minofu ikasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Serikali ilikuwa imekwisha kulegeza masharti ya biashara tangu wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, watu wakisema kwamba sasa ni ruksa. Nyavu zilipatikana. Injini za kupachika zilipatikana. Misumari ilijaa madukani kwa katoni. Kitu kimoja tu hakikutosha: mitumbwi.

Sitasahau hali ya mwalo wa Igombe katika miaka ile. Zamani mteja alikuja kwa mjomba, akaketi, akanywa uji, akaulizwa anavua wapi na upepo wa huko ukoje, na mazungumzo ya bei yakaja mwisho kabisa. Sasa walikuja matajiri, maana ndivyo tunavyowaita wenye vyombo huku kwetu, hata kama tajiri mwenyewe ana kaptura iliyochanika. Walikuja na fedha katika mfuko wa nailoni. "Fundi, nataka mitano. Futi 30. Mwezi huu." Mjomba alipojibu kwamba anaweza kutoa mmoja, labda miwili, walicheka. Kando ya banda letu yakaota mabanda mengine matatu, kisha saba. Vijana waliojifunza kwa mjomba miezi minne waliondoka wakajiita mafundi. Mmoja wao alikuwa akimaliza mtumbwi kwa siku sita. Mjomba alihitaji siku kumi na nane.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, kwa hiyo nilirudi bandani. Nilikuwa kijana, nikaona mjomba anachezea bahati. Nilimshawishi usiku na mchana. Nilimwambia kwamba samaki hawatangoja mbao zikauke. Nilimkumbusha kwamba binti yake mkubwa alikuwa amefaulu kwenda sekondari na ada haipo. Hilo la mwisho ndilo lililomgusa. Mwaka 1993 alikubali kazi ya mitumbwi minne kwa tajiri mmoja, itolewe ndani ya majuma sita.

Mbao kavu zilitosha mitumbwi miwili tu. Za miwili mingine tulizinunua zikitoka kwenye msumeno, bado zinanuka utomvu. Mjomba aliunda mikuku yote minne kwa mkono wake, kisha akaniachia mimi na vijana wawili kazi ya kupachika pamba katika ule wa nne, kwa sababu alikuwa ameishiwa nguvu. Tuliifanya usiku, kwa taa ya chemli. Nakumbuka vizuri kwamba karibu na mkuku, upande wa kushoto, pamba haikutaka kuingia. Ubao ulikuwa umebana. Ilinipasa niupanue mwungano kwa patasi, nisokote pamba nyembamba zaidi, nianze upya. Badala yake niliipiga ikaingia nusu, nikafunika kwa lami, nikapigilia bati juu. Bati lilikuwa limenyooka vizuri. Kazi ilipendeza.

Majuma matano baadaye, alfajiri, mtumbwi ule ulirudi. Ndani yake alikuwamo mvuvi mtu mzima pamoja na mwanawe wa miaka kama kumi na minne na kijana mwingine wa kazi. Walikuwa wametega nyavu mbali, kuelekea Ukara. Saa sita za usiku maji yalianza kuingia kwa chini, injini ikalowa ikazima, na tangu hapo mpaka kulipopambazuka walikuwa wakikumba maji kwa ndoo moja na sufuria ya ugali, wakipokezana, wakisukumwa na upepo. Nyavu walizitupa ili kupunguza uzito. Mikono ya yule mtoto ilikuwa imechubuka na ilikuwa ikitetemeka, hakuweza kushika kikombe cha chai aliyopewa na shangazi. Mvuvi yule hakutukana. Alimwendea mjomba, akafungua kiganja, akamwonyesha kipande cha pamba kilichotoka kwenye mwungano. Kisha akasema, "Fundi, nilikuja kwako kwa sababu ni wewe."

Mjomba aliangalia ile pamba, akaniangalia mimi. Hakuuliza ni nani aliyeifanya. Alimwambia mvuvi, "Kosa ni langu," akaurudisha mtumbwi bandani, akang'oa upande wote wa kushoto na kuuunda upya bila malipo. Nyavu zilizotupwa alizilipa kwa miezi minane. Ada ya binti yake ilikwenda huko. Akachelewa mwaka mzima kuingia kidato cha kwanza.

Baada ya tukio hilo nilitazamia kwamba mjomba atarudi katika desturi yake ya zamani na kuipa mgongo dunia. Hakufanya hivyo, na ndiyo sababu ya kuandika habari zake. Alichukua daftari la shule, akachora mstari katikati ya ukurasa, akaanza kuzipanga kazi za mtumbwi moja baada ya nyingine. Upande mmoja aliandika kazi ambazo zikikosewa kosa linaonekana: kupasua mbao, kupiga randa, kukata mataruma, kupaka rangi. Upande wa pili aliandika kazi ambazo zikikosewa kosa linajificha: kukausha mbao, mkuku, ubao wa kwanza, pamba. Kisha akasema kwamba kazi za upande wa kwanza zinaweza kufanywa na mtu yeyote au mashine yoyote, kwa haraka yoyote, kwa sababu mteja mwenye macho atajilinda mwenyewe. Za upande wa pili mteja hawezi kujilinda. Anamtegemea fundi peke yake, naye atazijua siku yuko mbali na nchi kavu.

Tangu siku hiyo mbao zetu zilipasuliwa mjini kwa msumeno wa mashine, jambo ambalo mjomba alikuwa amelikataa kwa miaka mingi. Vijana walikata mataruma kwa kipimo cha ubao uliochongwa mara moja, ili kila taruma lisianze kufikiriwa upya. Hayo peke yake yalipunguza siku kumi na nane kuwa kumi na moja. Lakini mkuku na ubao wa kwanza vilibaki kwa mkono wake, na pamba haikupachikwa usiku tena. Aliweka ukomo wa mitumbwi miwili kwa mwezi. Mwenye haja alitoa nusu ya fedha mapema, na fedha hiyo ilinunua mbao za mteja atakayefuata, si zake yeye. Zake zilikuwa tayari kivulini. Walioweza kungoja walingoja. Wasioweza walikwenda banda la pili, na mjomba aliwaelekeza njia bila kinyongo.

Je, alifanikiwa? Jibu si rahisi. Hesabu ya mahitaji ilimshinda mbali sana. Nchi tatu zenye ziwa hili zilipoanza kuhesabu vyombo kwa pamoja mwaka 2000, zilikuta vyombo vya uvuvi zaidi ya 42,000 katika ziwa zima. Ilipofika mwaka 2006 idadi ilikuwa ikikaribia 70,000. Karibu vyote vilikuwa vya mbao, na karibu vyote viliundwa katika mabanda kama letu. Fundi mwenye ukomo wa mitumbwi miwili kwa mwezi, katika mto wa namna hiyo, ni tone tu. Wale vijana wa siku sita walijenga nyumba za matofali. Waliajiri watu wengi kuliko mjomba, na siwezi kusema kwamba kuwapa vijana ajira ni kosa. Binamu yangu, yule aliyechelewa shule, ambaye sasa ni mwalimu, aliwahi kuniambia maneno ambayo sijayasahau: "Baba aliunda mitumbwi isiyovuja, nyumba yetu ndiyo iliyovuja." Hakuyasema kwa chuki. Aliyasema kama mtu anayetaka hesabu iandikwe yote.

Kwa upande mwingine, ziwa lenyewe lilitoa hoja zake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na mamia wakapotea. Mji mzima ulilia. Baada ya msiba ule wavuvi kadhaa walikuja kwa mjomba wakiomba mitumbwi yao ikaguliwe, na alifanya kazi hiyo kwa majuma mawili akipokea samaki badala ya fedha. Kisha, kati ya mwaka 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia zaidi ya mara moja samaki wa ziwa hili, kwa sababu za usafi, kipindupindu, na mwishoni hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Bei ya sangara ilianguka. Matajiri waliacha kuagiza vyombo. Mabanda yaliyokopa fedha ili kununua mbao nyingi yalifungwa, na mafundi wakaenda machimboni Geita kutafuta dhahabu. Banda la mjomba halikufungwa. Halikuwa na deni, na mitumbwi yake ya zamani ilirudi kwa matengenezo, kwa sababu ilikuwa bado ipo.

Lakini nisingependa kumfanya mjomba kuwa malaika. Kuna jambo moja ambalo daftari lake halikuwa na safu yake, nalo ni miti. Mkuku mzuri ulitoka katika mvule, na mbao bora zilitoka katika mvule au mninga. Fundi mwenye haraka na fundi mwenye subira, wote wawili waliangusha miti ile ile iliyohitaji miaka mingi kukua. Tofauti ilikuwa kwamba mtumbwi wa mjomba ulidumu miaka kumi na zaidi, na ule wa siku sita ulichoka katika mwaka wa tatu, kwa hiyo mti wake mmoja ulifanya kazi ya mitatu. Hiyo ni tofauti kubwa, ila si msamaha. Kufikia miaka ya 2000 mvule ulikuwa hadithi. Mafundi walihamia kwenye mbao za msonobari za mashamba ya serikali, kama yale ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Sengerema. Msonobari hukua upesi na huoza upesi. Mjomba aliuchukia mwanzoni, kisha akajifunza tabia yake, akiupaka mafuta mara mbili na kuongeza mataruma.

Mjomba alifariki mwaka 2011. Hakuiona siku ya Januari 2024 ambapo boti za faiba zilikabidhiwa kwa wavuvi jijini Mwanza kwa mkopo wa serikali. Mimi nilizitazama kwa makini. Hazina pamba, hazina mwungano wa kunywea juani, na hazihitaji mti. Nadhani angezigongagonga kwa kidole, angeinama kuangalia chini, kisha angeuliza swali lake la siku zote: kosa lake linajificha wapi? Maana hata faiba hutandikwa kwa tabaka, na tabaka la ndani halionekani na mnunuzi. Kila kazi ina upande wake wa gizani. Mwashi ana msingi, mshonaji ana pindo, na daktari ana mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyakagua.

Wengi wanaojadili habari za kazi za mikono huuliza kama mkono utashindwa na mashine. Naona swali hilo limekosewa kidogo. Msumeno wa mashine haukuidhuru kazi ya mjomba hata siku moja, uliinusuru. Kilichoidhuru ni mkono wangu mwenyewe, usiku ule, nikiwa na patasi ile ile na nyundo ile ile waliyotumia mababu. Kazi ya mkono haiwi njema kwa kuwa ni ya mkono. Huwa njema pale mtu anapofanya sehemu isiyoonekana kana kwamba mteja amesimama anaitazama.

Mimi sikuwa fundi. Niliondoka bandani mwaka 1995 nikatafuta kazi ya karani, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri nilidumu nayo. Banda linaendeshwa na mmoja wa vijana wale wawili wa usiku wa chemli, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa akirekebisha mtumbwi wa dagaa, na kijana wake alikuwa akikata mataruma kwa kile kipimo cha zamani, mashine ya umeme ikinguruma. Jua lilikuwa linatua. Yule kijana alitaka kuendelea ili wamalize pamba kabla ya kulala, mteja alikuwa amepiga simu mara tatu. Mzee alizima mashine, akaizungushia pamba gazeti, akaiweka juu ya boriti.

"Mwambie asubuhi," alisema.

Kijana alinung'unika kwamba mteja ataudhika. Huenda kweli aliudhika. Nami nikamkumbuka mwalimu wetu wa shule ya msingi. Kijana alikuwa na randa mkononi, na kwa randa alikuwa na haki ya kuharakisha. Pamba ndiyo iliyopaswa kungoja jua.